Sumu ya koboko, moyo wa mbwa na mgonjwa wa Dodoma

Ukiishi Dodoma muda wa kutosha, hasa pembezoni kule ambako nyumba za mwisho zinakutana na vichaka, lazima utasikia habari za koboko. Kuna aliyemkuta kwenye kichuguu, kuna aliyepoteza ng'ombe, na kuna anayejua mtu anayemjua mtu. Koboko mweusi ni nyoka wa nchi kavu kama hii yetu: miba, mawe, vichuguu vilivyohamwa na mchwa. Ndugu yake wa kijani hapendi ukame. Yeye utampata ukanda wa pwani, kuanzia Kenya kupitia Tanzania na Zanzibar hadi Afrika Kusini, amejilaza juu kwenye mwembe au mkorosho, na mara nyingi watu wanapita chini yake bila kujua.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Wazungu wanawaita nyoka hawa "mamba", neno walilolichukua kwa Wazulu. Kwa hiyo ukikutana na habari ya Kiingereza kuhusu dawa ya "mamba", usianze kumuwaza yule wa mtoni. Kisayansi jamii yao inaitwa Dendroaspis, yaani nyoka wa mti, na utaliona jina hilo tena hapa chini.

Ninachotaka kukusimulia ni historia ya peptidi moja iliyoanzia kwenye sumu ya huyo wa kijani, ikatengenezwa upya maabara, ikabadilishwa, ikapimwa kwenye seli, kwenye mishipa ya damu, kwenye mbwa. Kila mahali ilifanya kazi, na siyo kwa kubahatisha, ilifanya kazi vizuri. Hata hivyo, hakuna famasia duniani utakayoikuta. Kama wewe ni mwanafunzi unayetarajia kutumia miaka ya ujana wako kwenye maabara ya seli, au kama una mzazi mwenye tatizo la moyo na kila wiki unatumiwa habari ya "wanasayansi wamegundua", nadhani hadithi hii inakuhusu.

Tuanze na moyo. Kwa muda mrefu moyo ulifundishwa kama pampu tu. Mwaka 1956 Bruno Kisch aliangalia vyumba vya juu vya moyo wa mnyama kwa hadubini ya elektroni akaona ndani ya seli zake kuna vichembe vidogo vya duara, vinavyofanana na vile vinavyoonekana kwenye tezi zinazotoa homoni. Pampu inahifadhi homoni ya nini? Jibu lilichukua miaka 25. Mwaka 1981 Adolfo de Bold na wenzake, huko Kingston, Kanada, walichukua vyumba vya juu vya mioyo ya panya, wakavisaga, wakachuja supu yake na kuwadunga panya wengine kwenye mshipa. Ndani ya dakika chache panya wale walianza kukojoa. Kiasi cha mkojo kiliongezeka mara 10, na chumvi iliyotoka nayo iliongezeka zaidi ya mara 30.

Jaribio lenyewe ni la kawaida mno, ungeweza kulifanya kwa vifaa vya maabara ya chuo. Lakini maana yake ilikuwa kubwa: moyo unapojaa damu kupita kiasi na kuta zake kuvutika, unatuma ujumbe kwa figo, "toa maji, toa chumvi, mzigo umenizidi." Ujumbe huo ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, ikaitwa ANP. Mwaka 1988 watafiti wa Japani wakaipata ya pili, BNP, na mwaka 1990 ya tatu, CNP. Zote tatu zina umbo linalofanana katikati: pete ya asidi amino 17 iliyofungwa kwa daraja la salfa. Hiyo pete ikikatwa, kazi imekwisha.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha mambo, kwa hiyo twende polepole. Peptidi kama hii haiingii ndani ya seli. Inabisha hodi tu. Kwenye ukuta wa seli ya figo au ya mshipa wa damu kuna kipokezi, protini ndefu iliyopenya ukuta, kichwa kikiwa nje na mguu ukiwa ndani. Kwenye mifumo mingi ya seli anayesikia hodi huwa anamwambia mwingine, naye anamwambia mwingine. Kwenye mfumo huu hakuna mjumbe wa katikati, maana mlango wenyewe ndio mfanyakazi: ule mguu wa ndani ni kimeng'enya. Peptidi ikishika kichwa, mguu unaamka na kuanza kuchukua molekuli za GTP na kuzigeuza kuwa cGMP. cGMP inapozidi ndani ya seli, msuli laini wa mshipa unalegea, figo inachuja zaidi na kuachia chumvi, na zile seli za moyo zinazotengeneza makovu zinapunguza kasi.

Milango iko ya aina mbili. Wa kwanza, GC-A, unaitikia ANP na BNP. Wa pili, GC-B, unaitikia CNP. Pia kuna mlango wa tatu wa udanganyifu: ukibisha hapo, unavutwa ndani na kuvunjwavunjwa. Na huko nje kwenye damu anazunguka kimeng'enya kingine, neprilisini, ambacho kazi yake mojawapo ni kuzikata peptidi hizi kabla hazijafika mbali. Mwili hautaki hodi ya kudumu. Mkumbuke huyu neprilisini, tutamhitaji baadaye.

Mwaka 1992 kundi la Hugues Schweitz na Michel Lazdunski, lililokuwa likifanya kazi Valbonne kusini mwa Ufaransa, lilikuwa limeshazoea kuchambua sumu za nyoka kipande kwa kipande. Kwenye sumu ya koboko wa kijani walikuta peptidi yenye asidi amino 38, na katikati yake ile pete ya 17. Waliiweka kwenye vipande vya mshipa mkuu wa damu vilivyokuwa vimekazwa, vikalegea. Waliiweka kwenye seli za mishipa, cGMP ikapanda. Nyoka alikuwa anabeba kwenye meno yake homoni ya moyo! Wakaiita DNP, ile D ikiwa ya Dendroaspis.

Kwa nini nyoka abebe kitu kama hicho? Inadhaniwa kwamba mawindo yanayoshuka presha ghafla hayakimbii mbali, na nyoka wengine pia, kama taipani wa Australia, wamekutwa na peptidi za ukoo huo huo. Lakini kilichowavutia madaktari kwenye DNP ni mkia wake. Baada ya ile pete, mnyororo unaendelea kwa asidi amino 15, mrefu kuliko wa ANP au BNP, na mkia huo unaipa ugumu: neprilisini anahangaika kuikata, hivyo hodi inasikika kwa muda mrefu zaidi.

Niseme jambo moja la pembeni hapa. Tangu mwaka 1963, Bruce Merrifield alipoonyesha kwamba unaweza kujenga peptidi asidi amino moja baada ya nyingine ikiwa imeshikizwa kwenye chembe ngumu (kazi iliyompa tuzo ya Nobel mwaka 1984), mnyama anahitajika mara moja tu. Ukishajua mpangilio, unauandika, mashine inautengeneza, na hakuna mtu anayerudi msituni kumkamua nyoka. Mwaka huo huo wa 1992 mataifa yalikutana Rio de Janeiro na kuweka saini Mkataba wa Bioanuwai, ambao ulisema nchi zina haki na mali zao za kibaiolojia. Mkataba ulimfikiria mtu anayebeba mmea au mnyama kuvuka mpaka. Mpangilio wa asidi amino 38 kwenye karatasi hauhitaji kupita forodhani, na ugomvi wa nani anufaike na taarifa za namna hiyo umefika hadi miaka hii ya 2020 bila kwisha. Binafsi sidhani kwamba kuna mtu aliyetuibia nyoka. Ila inanikera kidogo kwamba kwenye historia nyingi za dawa hii koboko anatajwa kama vile alizaliwa kwenye kabati la maabara.

Turudi kwenye mbwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kundi la John Burnett katika Mayo Clinic, Rochester, Marekani, lilichukua DNP iliyotengenezwa maabara na kuipima kwa mbwa wazima, kisha kwa mbwa wenye moyo ulioshindwa. Unajiuliza unampataje mbwa mwenye moyo ulioshindwa. Anawekewa kifaa cha umeme kinachoulazimisha moyo kupiga haraka kupita kiasi kwa siku kadhaa mfululizo, mpaka uchoke, utanuke na kushindwa kusukuma. Ni kipimo kinachoheshimika, na nitakirudia. Kwa mbwa hao matokeo yalikuwa mazuri: msongamano ndani ya moyo ulishuka, figo zilichuja zaidi, mkojo na chumvi vikatoka. Shida ikawa moja. Presha nayo ilishuka. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake tayari hausukumi vizuri, kumshusha presha zaidi ni kuzinyima damu hizo hizo figo unazotaka zifanye kazi.

Katikati ya msisimko huo palitokea jambo ambalo nalipenda kwa sababu ni la aibu kidogo kwa sayansi. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa kwamba kitu kinachofanana na DNP kimeonekana kwenye damu ya binadamu, na kwamba kinaongezeka kwa wagonjwa wa moyo. Yaani homoni ya nyoka ni yetu pia! Mwaka 2002 watafiti wa New Zealand waliandika kwenye jarida la Lancet wakihoji hasa hilo: je, ni ya mwili au ni ya mashaka? Kipimo kilichotumika kilikuwa cha antibodi, na antibodi humtambua mtu kwa sura. Ikimkuta anayefanana, inamshika pia. Jeni la DNP kwa binadamu halijapatikana. Kama umewahi kufanya kipimo cha antibodi na ukafurahia mstari uliojitokeza, hapo pana la kukaa nalo usiku mmoja.

Basi Burnett na wenzake wakaamua kuacha kuiga maumbile na kuanza kushona. Walichukua CNP ya binadamu, asidi amino 22, inayobisha GC-B, inayozuia makovu ya moyo na kulegeza mishipa ya vena bila kushusha presha sana, ila kwa figo haina msaada mkubwa. Wakaiungia mkia wa koboko, zile asidi amino 15. Jumla 37. Kitu hiki hakikuwahi kuwepo kwa mtu wala kwa nyoka. Kilichapishwa mwaka 2008 kwa jina la CD-NP, baadaye senderitidi.

Matokeo ya kabla ya binadamu yalikuwa yale ambayo kila mwanafunzi wa uzamili anayaota. Kwenye seli za moyo wa binadamu zinazotengeneza makovu, cGMP ilipanda na seli zikapunguza kuzaliana. Kwa mbwa wazima, figo zilichuja zaidi na chumvi ikatoka, huku presha ikishuka kidogo kuliko kwa BNP. Mwaka huo huo wa 2008 ilionyeshwa pia kwamba peptidi moja hii inabisha milango yote miwili, GC-A na GC-B, jambo ambalo hakuna peptidi ya asili ya ukoo huu inalolifanya kwa nguvu namna hiyo. Mwaka 2009 ikaja taarifa ya watu wazima wa afya waliojitolea: cGMP juu, chumvi ikatoka, presha ikatikisika kidogo tu. Kampuni ndogo ya Nile Therapeutics iliichukua na kuipeleka kwa wagonjwa, awamu ya pili.

Hapo hadithi inaanza kupoa. Hakukuwa na msiba wala kashfa. Mwaka 2013 Nile iliungana na kampuni nyingine, Capricor, tafiti ndogo ziliendelea kuchapishwa, na majaribio makubwa ya mwisho, yale ya maelfu ya wagonjwa, hayakufanyika.

Ili uelewe kwa nini mwenye fedha angesita, tazama kilichokuwa kinampata dada yake senderitidi. BNP iliyotengenezwa maabara, nesiritidi, iliruhusiwa Marekani mwaka 2001 kwa wagonjwa waliolazwa na moyo ulioshindwa. Nayo ilikuwa na kila kitu: kipokezi kinajulikana, cGMP inapanda, msongamano wa moyo unashuka, mgonjwa anapumua. Mwaka 2005 uchambuzi ulianza kuleta wasiwasi kwamba huenda inaumiza figo na hata kuongeza vifo. Likaitishwa jaribio kubwa, wagonjwa 7,141, na majibu yake yakatoka mwaka 2011: haikuongeza vifo, wala haikuvipunguza. Haikupunguza kurudi hospitali. Kupumua kuliboreka kwa kiasi kisichotosha kuhesabika. Presha ilishuka kwa wengi zaidi. Miaka 10 ya matumizi, na jibu likawa kwamba hodi ilisikika vizuri kabisa na nyumbani hakuna kilichobadilika.

Mimi nadhani kosa la kusoma ni letu. Tunapoona cGMP imepanda tunasema "dawa inafanya kazi", na kwa maana ya seli ni kweli. Lakini cGMP ni jibu la swali dogo: je, mlango umeitika? Mgonjwa ana swali jingine: je, nitakuwepo mwakani? Kati ya maswali hayo mawili kuna figo zilizochoka, mishipa migumu, dawa nyingine tano anazomeza, na mwili ambao kwa miezi au miaka umekuwa ukipiga kelele kwa ANP na BNP zake wenyewe mpaka milango ikawa mizito kuitika. Kumwongezea mtu huyo hodi moja zaidi ni tofauti na kumbishia mtu aliyelala.

Na yule mbwa? Alikuwa na moyo mzima, umechoshwa kwa siku chache, figo nzuri, mishipa laini. Sasa mlinganishe na mgonjwa wetu. Utafiti wa Abel Makubi na wenzake, uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, uliwafuatilia wagonjwa 427 wa moyo ulioshindwa. Wastani wa umri ulikuwa miaka 55, na chanzo kilichoongoza, kwa asilimia 45, kilikuwa presha ya muda mrefu. Utafiti mwingine wa nchi tisa za Afrika, uliochapishwa mwaka 2012 na wenye wagonjwa 1,006, ulipata wastani wa miaka 52. Kwenye nchi tajiri wagonjwa wa namna hii kwa kawaida wana zaidi ya miaka 70. Huyu wetu ni mtu wa makamo, bado analima, ana watoto shuleni, na moyo wake umekuwa ukisukuma dhidi ya presha isiyotibiwa kwa miaka mingi huku figo zikiumia kimyakimya. Hakuna mbwa wa siku chache anayefanana naye. Tunapenda kusema tatizo ni kwamba mbwa si binadamu. Mimi naona tatizo linaanza mapema zaidi, pale asipoulizwa mtu swali la binadamu yupi.

Kuna mgeuko mmoja kwenye hadithi, na ndio nilikuomba umkumbuke neprilisini. Wakati wengine wakitengeneza hodi kali zaidi, kundi jingine lilifikiri kinyume: mwili tayari unabisha, tatizo anayekata. Wakatafuta kidonge cha kumzuia neprilisini, sakubitrili, wakakichanganya na dawa ya presha, valsatani. Mwaka 2014 jaribio la wagonjwa zaidi ya 8,000 lilionyesha kwamba mchanganyiko huo ulipunguza vifo vya moyo na kulazwa kwa takriban asilimia 20 ukilinganisha na dawa ya zamani, na mwaka 2015 ukaruhusiwa Marekani. Milango ni ile ile, cGMP ni ile ile. Neprilisini hukata peptidi nyingine nyingi pia, kwa hiyo huwezi kuzipa ANP na BNP sifa zote. Lakini kazi ya miaka ile kwenye seli na kwa mbwa haikwenda bure. Ilichora ramani, na wengine wakapita njia nyingine kwenye ramani hiyo hiyo.

Koboko nao hawajaachwa. Mwaka 2012 kutoka Valbonne kule kule, Lazdunski akiwa bado miongoni mwa waandishi, zilitangazwa mambalgini, peptidi za asidi amino 57 kutoka kwa koboko mweusi, huyu wa vichaka vyetu. Zinaziba milango ya asidi kwenye neva na kwa panya zilipunguza maumivu kwa nguvu inayokaribia mofini. Mwaka 2017 sumu ya koboko wa kijani ikatoa mambakuaretini, inayozuia kipokezi cha homoni ya maji kwenye figo, na kwa panya wenye figo zilizojaa vifuko vya maji ilipunguza vifuko hivyo. Habari zote mbili zilisambaa sana. Wote waliotibiwa humo ni panya.

Anayelazwa na moyo ulioshindwa hapa Dodoma leo, miguu imevimba na hawezi kulala chali, ataanzishiwa furosemidi, dawa iliyokuwepo tangu miaka ya 1960. Inaziba njia ya chumvi ndani ya mirija ya figo, na inamkojoza ndani ya saa moja bila kubisha hodi kwenye mlango wowote kati ya hiyo niliyokueleza.